Matatizo ya Kutafsiri Maneno ya Kila Siku ya Kiingereza yenye Maana Nyingi

Maswali mengi tunayoletewa na wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali huhusu istilahi za kitaalamu. Tunaulizwa jina la chombo cha maabara, jina la maradhi mapya, au jina la sehemu fulani ya injini. Maswali hayo ni ya haki, na aghalabu hujibika pasipo tabu kubwa, kwani istilahi ya kitaalamu huwa na maana iliyokwisha kuelezwa na wataalamu wake. Neno 'oksijeni' halijamkosesha mfasiri usingizi. Tabu iko kwingine. Iko katika maneno mafupi ambayo mwanafunzi wa Kiingereza huyapata katika mwaka wake wa kwanza: 'take', 'put', 'may', 'uncle', 'night', 'interest'. Maneno haya hayaulizwi, maana kila mtu hudhani kwamba anayajua. Na kwa kuwa hayaulizwi, ndiyo yanayoharibu tafsiri zaidi ya mengine yote. Katika makala haya tunakusudia kuyazungumzia hayo, pamoja na misemo ya kila siku ambayo ni jamaa zao.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja ilituletea fomu ya madai ya mafao ya marehemu ili tuitafsiri. Ilikuwa fomu fupi ya kurasa mbili. Sehemu moja ilimtaka mdai aorodheshe jamaa wa marehemu walio hai: wazazi, mume au mke, watoto, ndugu, na 'uncles'. Tuliandika 'wajomba', tukaipeleka kazi, tukasahau. Baada ya muda fomu moja iliyojazwa ilirudi mbele yetu pamoja na lawama. Ilijazwa na mjane wa Kiislamu wa pwani. Mumewe hakuacha wazazi, wala mtoto wa kiume, wala ndugu. Aliacha mke, binti mmoja, ndugu wa kiume wa baba yake, na ndugu wa kiume wa mama yake. Mjane alijibu sawasawa na alivyoulizwa. Aliandika jina la ndugu wa mama, kwa kuwa huyo ndiye mjomba. Ndugu wa baba hakumwandika, kwa sababu hakuulizwa habari zake.

Sasa, katika mirathi ya Kiislamu, watu hao wakiwa ndio waliobaki, mke hupata sehemu 1 katika 8, binti hupata nusu, na sehemu 3 katika 8 zinazosalia humwendea ami, yaani yule ndugu wa baba. Mjomba hapati kitu maadamu ami yupo. Fomu yetu basi ilimwita asiye na fungu na kumwacha nje mwenye fungu. Faili lilirudishwa, jamaa wakanuniana, na mjane akakaa akingoja fedha zake kwa ajili ya neno moja ambalo sisi hatukuona haja ya kuliuliza.

Msomaji ataona kwamba Kiingereza hakikukosea. Kwa Mwingereza 'uncle' ni ndugu wa kiume wa mzazi yeyote, na hata mume wa shangazi huitwa hivyo hivyo. Desturi zake hazimdai atenganishe. Kiswahili kinadai. Kuna baba mkubwa na baba mdogo, kuna ami au amu, kuna mjomba, na kila mmoja ana mahali pake arusini, msibani na katika mirathi. Wala haitoshi kusema kwamba tangu sasa tutaandika 'baba mdogo' kila tunapoliona neno hilo. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba ni mtu mwenye kauli nzito, na fomu itakayomsahau itakuwa imekosea kwa upande wa pili. Neno 'binamu' nalo lina historia ya namna hiyo. Asili yake ni Kiarabu, nayo ni mtoto wa kiume wa ami tu. Leo tumelitanua limeze watoto wa mjomba, wa shangazi na wa mama mdogo, wa kike kwa wa kiume, na sababu mojawapo ni kwamba tulihitaji neno la kusimama badala ya 'cousin'. Mjini watu wamekata shauri kwa kusema 'anko' na 'anti'. Hatuna ugomvi na maneno hayo katika mazungumzo ya barazani, lakini msajili wa mirathi hawezi kufanya kazi na anko.

Mfano wa jamaa ni mzito kwa kuwa unagusa mali, lakini hali hiyo hiyo imo katika mambo ya jikoni na shambani. Mwalimu mmoja alituonyesha zoezi la tafsiri ambamo mwanafunzi ameandika kwamba wakulima wa bondeni 'wanalima wali'. Darasa lilicheka, na haki yao. Lakini taarifa za kilimo zinazotolewa na watu wazima hufanya kosa lile lile kwa namna isiyochekesha. 'Rice' iliyo shambani ni mpunga, iliyo gunia baada ya kukobolewa ni mchele, iliyo sahanini ni wali. Kilo 100 za mpunga zikikobolewa hutoa takriban kilo 60 hadi 70 za mchele. Afisa anayetafsiri takwimu za mavuno na kuandika 'mchele' mahali ambapo wapimaji walipima mpunga amekwisha kuongeza chakula cha wilaya kwa theluthi nzima au zaidi, na ghala haina habari.

Kuhusu 'take' katika vikaratasi vya dawa hatutasema mengi. Tumekwisha kuona 'chukua vidonge viwili mara tatu kwa siku'. Mgonjwa mtiifu atavichukua. Avipeleke wapi hakuambiwa. Kidonge humezwa, dawa ya maji hunywewa, ya macho hutiwa, ya ngozi hupakwa. Hali kadhalika 'wash': mikono hunawa mwenyewe, nguo hufuliwa, vyombo huoshwa, mwili huogeshwa au mtu huoga. Kiingereza katika mifano hii hutaja tendo kwa jumla na kumwachia msomaji amalizie. Kiswahili hutaka kujua kwanza ni kitu gani kinachotendwa, na nani anakitenda. Kwa hiyo mfasiri hulazimika kujua jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza hakulisema, na pengine hakulifikiri.

Hapa ndipo tunapokutana na neno ambalo limetuchosha kulisikia, kwamba eti tafsiri mbaya hutokana na umaskini wa Kiswahili. Mifano tuliyoitoa inaonyesha kinyume chake, kwani katika yote Kiswahili ndicho chenye maneno mengi. Lakini ili tusionekane kwamba twajisifu, tutazame lugha nyingine ambayo hakuna anayeiita maskini. Kiholanzi ni ndugu wa karibu sana wa Kiingereza. Maneno kama 'water', 'hand', 'arm', 'warm' na 'winter' huandikwa herufi kwa herufi sawasawa katika lugha zote mbili, yakiwa na maana zile zile. Mtu angedhani kwamba mfasiri wa Amsterdam hana kazi ila kubadili matamshi.

Kumbe naye ana mashaka kama yetu. Akikuta neno 'know', hana budi kuchagua: kujua jambo ni 'weten', kumjua mtu au kuuzoea mji ni 'kennen', na hayabadilishwi ovyo. Akikuta 'put', anauliza kitu chenyewe kitakaaje. Kitabu kinacholazwa mezani hutumiwa 'leggen', chupa inayosimamishwa hutumiwa 'zetten', ufunguo unaotiwa mfukoni huwa na kitenzi chake tena. Mwingereza amesema 'put' mara tatu bila kujali kulala wala kusimama. Na akikuta 'you', neno dogo kuliko yote, Mholanzi hawezi kuandika hata sentensi moja kabla hajajua ni nani anayemwambia nani, kwani rafiki au mtoto ni 'jij', mtu wa heshima au mgeni ni 'u', na watu wengi wanaozoeana ni 'jullie'. Barua ya Kiingereza haimwambii. Ni lazima aitafute heshima hiyo nje ya maneno, katika cheo na umri wa watu wenyewe. Sisi nasi, ingawa tuna 'wewe' na 'ninyi' tu, tunaijua shughuli hiyo: barua ya kijana kwa mzee isipokuwa na shikamoo mahali panapostahili, haiponi kwa usahihi wa sarufi.

Tena udugu wenyewe humponza Mholanzi. Neno lao 'eventueel' linafanana kwa sura na 'eventually' la Kiingereza, lakini maana yake ni 'ikibidi' au 'pengine', ilhali lile la Kiingereza ni 'hatimaye'. Mkataba unaosema kwamba mnunuzi atalipa gharama 'ikibidi' si sawa na ule unaosema kwamba atalipa 'hatimaye'. Wafasiri wao huonyana juu ya maneno ya namna hii, hushika kamusi, huulizana. Hatujapata kusikia wakisema kwamba Kiholanzi kinafaa kwa nyumbani tu. Na Mwingereza anayejifunza Kiswahili hupata malipo yake anapolikuta neno 'piga'. Tunapiga simu, pasi, kura, picha, magoti, mbizi na chafya, na katika yote hayo hakuna aliyeumia.

Turudi katika ofisi zetu, ambako jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2021. Katika mwaka huo Bunge la Tanzania, kwa Sheria Na. 1 ya marekebisho ya sheria mbalimbali, lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo sheria zilizotungwa kwa Kiingereza tangu enzi za ukoloni zikahitaji kuvikwa Kiswahili. Nchini Kenya nako, Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Mfasiri wa sasa basi hatafsiri tena kwa ajili ya mtu anayeweza kufungua upande wa pili wa karatasi akasoma Kiingereza chake. Anachoandika yeye ndicho kitakachosomwa.

Katika kazi hiyo adui wake mkubwa ni 'may'. Neno hili hufanya kazi tatu ambazo Kiswahili cha haraka huzitupa zote katika kapu moja la 'anaweza'. Tukisema 'Waziri anaweza kufuta leseni', tunampa madaraka ya kuamua. Tukisema 'Mwombaji anaweza kukata rufaa', tunamtajia haki yake. Tukisema 'Dawa hii inaweza kuleta usingizi', tunatoa tahadhari juu ya jambo linalowezekana kutokea. Mpaka hapo msomaji huponyoka, kwani habari yenyewe humsaidia. Taabu huingia katika ukanushi. Kifungu cha Kiingereza kinachosema kwamba mwenye leseni 'may not' kuihamisha kwa mtu mwingine tumekiona kimetafsiriwa 'mwenye leseni anaweza asiihamishe'. Katazo limegeuka kuwa ruhusa: akitaka ataihamisha, asipotaka basi. Mwingine, akijaribu kusahihisha, ameandika 'hawezi kuihamisha'. Hiyo ni afadhali, lakini mtu mbishi atajibu kwamba mbona aliweza, alikwenda sokoni akampa nduguye mchana kweupe. Linalotakiwa ni 'haruhusiwi' au 'ni marufuku'. Lakini tangazo likisema kwamba ofisi 'may not' kujibu barua zote, hapo hakuna katazo lolote. Maana yake ni kwamba 'huenda ofisi isijibu'. Maneno mawili yale yale, na mfasiri asiyesoma sentensi nzima atampiga marufuku karani kujibu barua.

Mwenzake 'shall' hana hila kama hiyo, ila ana tatizo la wasomaji. Wanasheria wamezoea kuliandika kwa kiambishi cha wakati ujao: 'Mwenyekiti ataitisha mkutano kila baada ya miezi 3.' Hakimu anaisoma kama amri. Mwanakijiji anaisoma kama habari njema, au kama ahadi ambayo akina mwenyekiti wamezoea kuivunja. Hatuna nia ya kupinga mazoea ya waandishi wa sheria, ambayo yamekwisha kujijengea msingi. Lakini katika kanuni za ushirika, katika matangazo ya ubao na katika barua kwa raia, maoni yetu ni kwamba 'ni lazima aitishe' haina hasara yoyote.

'Interest' linastahili aya yake. Benki hutoza riba. Mjumbe wa kamati hutangaza maslahi yake, na tayari tumezoea kusema 'mgongano wa maslahi'. Mwanafunzi ana hamu au shauku. Mtu mwenye 'interest' katika kiwanja ana haki fulani juu yake. Haya yote ni wazi, na kamusi nzuri huyatenganisha. Lakini ziko taarifa za mikopo zinazoikimbia riba na kuandika 'faida', pengine kwa kuwa riba ina sura mbaya kwa waumini wa dini inayoikataza. Hili hatuliungi mkono. Faida ni kile kinachobaki baada ya biashara kutoa gharama zake, na taasisi za fedha zinazofuata taratibu za Kiislamu hulitumia neno hilo makusudi ili kujitenga na riba. Mkopaji akiambiwa kwamba atalipa 'faida ya asilimia 18', ana haki ya kudhani kwamba anashirikiana na mkopeshaji katika biashara. Hapa uchaguzi wa neno umemficha jambo ambalo alikuwa na haja ya kulijua kabla ya kutia sahihi.

Kwa haraka tutaje na 'custody'. Mtuhumiwa huwekwa mahabusu, mtoto wa waliotalikiana huwa katika malezi ya mzazi mmoja, hati huwa katika hifadhi ya masjala. Mtoto aliyewekwa 'kizuizini kwa mama yake' tumemwona katika rasimu mmoja tu, tunashukuru.

Jambo la saa na siku linahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu maneno yenyewe huonekana mepesi kabisa. Kila mtu anajua kwamba saa 1 ya asubuhi ya Kiswahili ni saa 7 ya Kiingereza, na bado mialiko inayotafsiriwa kutoka nje huacha tarakimu kama zilivyokuwa, na wageni hufika mkutanoni saa 2:00 asubuhi kwa shughuli ya saa 8:00 mchana. Hilo ni usumbufu tu. Kilicho kigumu ni 'night'. Kwa hesabu ya asili ya Waswahili, siku huanza jua linapotua. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa Mwingereza, 'Friday night' ni ule unaoufuata. Leo katika miji yetu watu wanatumia hesabu zote mbili, kila mtu kwa malezi yake, bila kuulizana. Waandishi wa magazeti waliitambua hatari hii na wakashika desturi njema ya kusema 'usiku wa kuamkia Jumamosi', ambayo haina njia mbili. Tunaipendekeza kwa kila anayetafsiri hati ya wito, tiketi au mkataba. Upangaji unaokwisha 'midnight' ya tarehe 30 Juni na uandikwe kwamba utakwisha saa 6:00 ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai. Ni maneno mengi, lakini mpangaji hatatolewa vyombo nje siku moja kabla ya wakati wake.

Sasa tuingie katika misemo. Kuna msemo wa Kiingereza kwa mtu aliyenunua kitu bila kukikagua: amenunua nguruwe ndani ya mfuko. Mholanzi akiutafsiri husema kwamba mtu huyo amenunua paka ndani ya gunia. Mswahili husema ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Wanyama watatu na soko moja, na ulaghai ni ule ule. Mfasiri akiukuta msemo kama huu na lugha yake ikawa na mwenzake, na amshukuru Mungu, aandike mbuzi, asihangaike na nguruwe. Ila asikimbilie kufanana kwa maneno. Waingereza wana msemo mwingine wa kumtoa paka mfukoni, nao hauhusu ununuzi hata kidogo. Ni kuitoa siri. Mfasiri wa Kiholanzi anayemwona paka wake wa gunia katika msemo huo amepotea, na wa Kiswahili anayemwona mbuzi wake amepotea zaidi. Sisi tungesema mtu amemwaga mtama kwenye kuku wengi.

Misemo isiyo na mwenzake ni afadhali ielezwe kwa maneno ya kawaida. Taarifa moja ya miradi ilisema kwamba kiwanda fulani kimekuwa 'tembo mweupe'. Kwa Kiingereza husimuliwa kwamba wafalme wa Siam walikuwa wakimpa tembo mweupe yule waliyetaka kumfilisi, kwani mnyama huyo hakufanyishwa kazi na kumtunza kuligharimu mali nyingi. Msomaji wetu hana hadithi hiyo. Kwake tembo ni mnyama wa fahari, weupe haumwongezei ubaya, na mradi ulioitwa hivyo huenda akadhani umesifiwa. 'Mradi uliokula fedha bila kuleta faida' ni kauli isiyo na pambo, lakini Mkaguzi ataielewa.

Msemo uliotuudhi kuliko yote ni 'mwisho wa siku'. Umetoka katika Kiingereza neno kwa neno, na sasa hausikiki redioni tu, bali umeingia katika hotuba na barua za ofisi. Tunayo maneno 'hatimaye' na 'mwishowe'; tunayo ile kauli tamu ya 'yote tisa, kumi ni hili'. Wapo watakaosema kwamba lugha hukua kwa kukopa, na kwamba sisi wa Baraza tumezidi kunung'unika. Huenda. Lakini tumesoma maagizo yanayosema kwamba 'mwisho wa siku mwombaji atalipa ada ya usajili', na waombaji wawili waliofika kwetu waliyaelewa mbalimbali: mmoja kwamba ada haikwepeki, mwingine kwamba ni lazima ilipwe kabla ya jua kutua siku ile ile. Huyu wa pili alikwenda kukopa nauli.

Hatusemi kwamba kila msemo uliotafsiriwa neno kwa neno ni kosa. 'Vita baridi' ilikubalika kwa kuwa sura yake inaeleweka na jambo lenyewe lilikuwa jipya kwa kila lugha. 'Kuua ndege wawili kwa jiwe moja' kumekwisha kupata uraia, maana watoto wetu nao hurusha mawe. Lililotufurahisha zaidi ni lile la 'grassroots'. Hakuna aliyeandika 'mizizi ya majani'. Wakenya walisema 'mashinani', na Tanzania 'shina' lilikwisha kuwa jina la ngazi ya chini kabisa ya Chama. Sura ya majani imeachwa, ya mti imeshikwa, na maana haikupungua.

Tahadhari moja kuhusu methali. Mfasiri aliyelelewa vizuri katika Kiswahili hupenda kuuondoa msemo wa Kiingereza na kuweka methali mahali pake, na mara nyingi hufaulu: palipo na wapishi wengi mno kwa Mwingereza, kwetu manahodha wengi huipeleka jahazi mrama. Lakini methali huja na watu wake. Mgeni mmoja, katika hotuba ya shukrani, alisema kwa Kiingereza kwamba ukiwa Roma ufanye kama Warumi, akiwa na maana kwamba amefurahia kula kwa mkono kama wenyeji wake. Mkalimani hodari alitoa ile ya kwamba ukienda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho. Methali ni sahihi, kamusi za methali huziweka hizi mbili pamoja. Lakini wenyeji walitazamana, kwa kuwa wameitwa wenye chongo katika ukumbi wao wenyewe. Angesema kwamba mgeni amefuata desturi za wenyeji, angekaa chini kwa amani.

Mtunzi ana uhuru mpana zaidi. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, kitabu kilitoka mwaka 1969 kwa jina la 'Mabepari wa Venisi', na mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza akawa mabepari wengi. Hakuna atakayedhani kwamba Mwalimu hakujua umoja na wingi. Alikuwa akiwaambia jambo wasomaji wa nchi iliyokuwa imepata Azimio la Arusha miaka 2 tu kabla yake. Karani anayetafsiri fomu ya mafao hana ruhusa hiyo, wala haihitaji. Anachohitaji ni ruhusa ya kuuliza.

Na ruhusa hiyo ndiyo adimu. Mara nyingi kazi huletwa leo ikitakiwa kesho, na aliyeiandika yuko mkoa mwingine au nchi nyingine. Mfasiri akipiga simu kuuliza kama 'rice' ni mpunga au mchele, huonekana kuwa hajui Kiingereza. Sisi tumeanza kuambatanisha na kila kazi karatasi ya maswali, nayo hurudishwa kwa mwenye kazi kabla ya tafsiri kukamilika. Baadhi huijibu, baadhi hukasirika, na wachache huandika juu yake 'tafsiri kama ilivyo', amri ambayo bado hatujajua namna ya kuitii.

Ile fomu ya mafao ilisahihishwa. Badala ya 'wajomba' tuliweka mistari miwili, mmoja wa ndugu wa kiume wa baba na mmoja wa ndugu wa kiume wa mama. Mwanzoni ofisi ilikataa, kwa hoja kwamba fomu ya Kiswahili imekuwa na mistari mingi kuliko ya Kiingereza na kwamba nakala mbili za fomu moja hazina budi kulingana. Barua zilikwenda na kurudi kwa miezi minne. Fomu zilipochapishwa upya zililingana: waliigawa ile ya Kiingereza.